Kiti cha Restituta

Restituta alikuwa anapepeta maharage uani kwake, kijijini Ukata. Mikono ilikuwa kwenye ungo, masikio yalikuwa njiani. Tangu jana kila mlio wa viatu ulimshtua.

Viatu alivyoviogopa vikaja. Alikuwa Egidi, kaka mkubwa wa marehemu mume wake.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Nasikia unakitaka kiti changu."

Kiti chenyewe kilikuwa cha bodi ya chama cha ushirika cha kahawa. Egidi alikikalia miaka mingi. Sasa wanachama walikuwa wamepitisha kanuni kwamba nafasi mbili za bodi ziwe za wanawake. Kiti cha Egidi kilikuwa kimojawapo, na jana akina mama walikuwa wamemtaka Restituta agombee.

"Sijaamua, shemeji."

"Amua vizuri. Mimi natolewa kwa kosa gani? La kuwa mwanaume? Ukikaa pale, utafute mwingine wa kukufyekea ngolo."

Akaondoka zake. Restituta akaushika tena ungo. Kwa Wamatengo, wanaume hufyeka nyasi na kuzipanga miraba miraba mlimani. Wanawake huzifukia kwa udongo, na katikati hubaki mashimo yanayozuia mvua isibebe shamba. Hiyo ndiyo ngolo. Tangu awe mjane, Egidi ndiye aliyemfyekea. Bila yeye, watoto wangekula nini?

Mchana akapita Avelina, afisa ushirika, akaamkia. Restituta akamweleza yote.

"Na mimi naona anasema kweli," akamalizia. "Apewe anayeweza."

"Anayeweza ni yupi, mama?"

"Mwenye uzoefu wa bodi."

"Uzoefu huo unapatikana wapi?"

Restituta akafikiri. "Kwenye bodi."

"Umewahi kumwona mwanamke pale?"

"Wapi. Uanachama uliandikwa kwa jina la baba wa familia. Mimi nimeingia baada ya mume wangu kufa."

"Na kahawa ilichumwa na nani?"

Restituta akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Basi nafasi hiyo si zawadi," Avelina akasema. "Mtagombea wanawake kadhaa, na wanachama wote watapiga kura. Ukiboronga, watakutoa. Wanawake wakishazoeleka kwenye bodi, kanuni yenyewe inaweza kuondolewa. Lakini shemeji yako naye anapoteza kitu, tusimdharau. Agombee nafasi zilizobaki. Kuhusu ngolo, mama, siwezi kukuahidi."

Maneno ya mwisho yalimtia hofu zaidi. Hata hivyo akagombea.

Siku ya mkutano alisimama mbele ya wanachama. "Mashine ya kumenyea kahawa inafunguliwa jioni," alisema kwa sauti ya kutetemeka. "Sisi tunaobeba kahawa tunarudi gizani, tunapita msituni kwa woga. Bodi haijui, kwa sababu bodi haibebi ndoo."

Wanaume wengine waliguna, wengine wakatazama chini. Kura zilimpa kiti. Egidi aligombea nafasi nyingine, akakosa.

Msimu wa ngolo ulipofika, Egidi hakuonekana. Restituta alifyeka mwenyewe mpaka viganja vikachubuka, na nusu ya shamba ikabaki nyasi. Mwaka huo walikula kwa kubana, na mara nyingi alijuta.

Lakini kwenye bodi hakunyamaza. Kahawa ilipoiva, mashine ilifunguliwa mchana. Kahawa mbivu haikuchacha tena kwenye ndoo ikingoja jioni, na akina mama walifika nyumbani jua lingali juu. Mmoja wao alikuwa Tadea, mke wa Egidi.

Msimu wa kufyeka uliporudi, Restituta alikwenda shambani peke yake na fyekeo lake. Akasikia mtu ndani ya nyasi. Akasimama, akachungulia.

Alikuwa Egidi.

"Tadea ameniandama mwaka mzima," akasema bila kugeuka. "Lakini kanuni ile bado siikubali."

"Iseme mkutanoni, shemeji. Nitakuwa nimekaa pale, nitakusikiliza."

Egidi akaguna, akaendelea kufyeka. Restituta akaanza upande wa pili. Walifyeka mpaka nusu ile iliyolala mwaka jana ikawa wazi.