Gari la Matano Chini ya Makuti

Gari la mizigo la Matano lilijulikana zaidi kijijini Gazi kuliko Matano mwenyewe. Likipiga honi asubuhi, wanawake walitoka na vikapu vya samaki wakavu. Wanaume waliburura magunia ya nazi. Matano alibeba yote mpaka Likoni, na alasiri alirudi na unga na mafuta ya taa. Nyumba yake ilikula kwa gari hilo.

Jumatatu moja mvua ilinyesha sana. Ng'ombe alikatiza barabara ghafla. Matano alimkwepa, gari likateleza kwenye tope na kugonga mkorosho. Ng'ombe alikwenda zake, hata hakugeuka. Matano alitoka mzima, lakini boneti ilikunjika, rejeta ya kupoza injini ilipasuka, na madigadi moja juu ya gurudumu ilibonyea.

Gari lilivutwa mpaka nyumbani. Hapo Matano alifanya kama wengi wetu tukipata hasara: aliificha. Alilifunika gari kwa makuti mpaka chini, wenye kijicho wasipate la kusema. Kijiji kizima kilikwisha jua. Kisha alimwita fundi Dzombo aje kugonga kimya kimya.

"Nyundo haina kimya, mzee," alisema Dzombo. Alinyoosha madigadi, akatikisa kichwa. "Rejeta haitengenezeki. Mpya itatoka Mombasa, na bei yake si mchezo."

Matano hakuwa na akiba. Aliamua kuuza minazi aliyoachiwa na mama yake. Mnunuzi, Alfani, aliahidi kuja Ijumaa baada ya sala, pamoja na mashahidi.

Mkewe, Mwanarusi, alilia. "Minazi ya mama, Baba Shutu? Aliyoipanda kwa mikono yake?"

"Nifanyeje? Gari likilala, sisi tutakula nini?"

Jumatano jirani yao Kaingu alipiga hodi. Yeye alikuwa karani wa magari katika mashamba ya miwa ya Ramisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Kaingu. Karibu ukae."

"Pole kwa ajali."

"Ajali gani?" aliuliza Matano, naye ameegemea makuti yenyewe.

Kaingu alicheka mpaka Mwanarusi naye akacheka. Kisha akauliza, "Mzee, gari lina bima?"

"Lina. Nimelipa, kama kodi."

"Bima si kodi. Hebu niione karatasi yake."

Mwanarusi aliitoa sandukuni. Kaingu aliisoma polepole.

"Bima za gari ni za namna mbili," alisema. "Ndogo ndiyo inayotakiwa na sheria. Ukimuumiza mtu barabarani, inamlipa yeye. Gari lako hailiangalii. Kubwa inamlipa yeye na inalitengeneza gari lako pia. Wewe unayo kubwa."

"Alinikatia aliyeniuzia gari. Mimi nilitia dole gumba tu."

"Basi mwambie Dzombo aweke nyundo chini. Kampuni ya bima itamtuma mkaguzi aione hasara kwa macho yake. Fundi ataandika bei ya kazi. Kampuni ikikubali, ndipo gari litengenezwe. Je, polisi umewaambia?"

"Nikajitangaze?"

"Ajali si aibu, mzee. Nenda Msambweni leo hii ukaandikishe. Jioni tutaandika barua kwa kampuni. Ukichelewa, wanaweza kukataa."

Matano alikwenda. Barua nayo ilipelekwa. Lakini Ijumaa ilifika kabla ya jibu, na Alfani akaja na mashahidi wake wawili.

Matano aliogopa. Kampuni ikikataa, Alfani huenda asirudi tena. Alimtazama Mwanarusi mlangoni, kisha akasema, "Niwie radhi, Alfani. Siuzi. Ninangoja bima."

"Unangoja karatasi?" alisema Alfani, akaondoka na watu wake.

Usiku ule Matano hakulala vizuri. Jumatano iliyofuata mkaguzi aliwasili. Makuti yaliondolewa, na watu wakajaa kutazama. Mkaguzi alipima na kuandika. Alipofika kwenye madigadi alisimama.

"Hii ina nini?"

"Ilibonyea. Fundi ameinyoosha."

"Siwezi kulipia nisichokiona," alisema mkaguzi. "Mengine nitayapeleka kampuni. Sehemu ya kwanza ya gharama utailipa wewe, kama karatasi inavyosema. Iliyobaki italipwa na kampuni."

Kampuni ilikubali. Kazi ya madigadi Matano aliilipa mwenyewe, pamoja na ile sehemu yake, kwa mafungu, bila kunung'unika. Sasa alijua analipia nini, na kwa nini.

Baada ya wiki tatu honi ililia tena Gazi. Nazi za kwanza kupakiwa zilitoka kwenye minazi ya mama yake. Mwanarusi alisimama kando ya gari, furaha imemjaa usoni.

"Usizipeleke zote," alisema. "Mbili ziache, nipike wali."

Matano alishusha mbili. Alizitazama kidogo, kisha akashusha na ya tatu.

"Hii mpelekee Kaingu," alisema.