Uhai wa Shakib

Karatasi ya Shakib ilifungiwa ikiwa na uhai kumi na tisa. Aidah alikumbuka vizuri, maana aliiandika yeye mwenyewe, akaitia pamoja na dadu ndani ya kopo la biskuti, akapiga kufuli, na ufunguo akaufunga kwenye ncha ya leso yake. Jumapili iliyofuata alipofungua, karatasi ilisema kumi na sita.

"Nani amefuta hii?" aliuliza.

Shakib, mumewe, alikohoa tu.

Walikuwa wanne, na mchezo wao haukuwa wa watoto, hata kama majirani wa Bwera, mji wao wa mpakani, waliwacheka. Kitabu chake walikiokota mwaka 2005 ndani ya robota la mitumba. Kila mchezaji hujitungia mtu, akamwandika kwenye karatasi pamoja na hesabu ya uhai wake, kisha dadu zikaamua yatakayompata. Musitafa, dereva wa lori, ndiye aliyekuwa msimulizi, mwenye kuwasemea wageni na mazimwi yote. Wa nne alikuwa Thembo, mfanyabiashara wa vitenge kutoka Butembo, ng'ambo ya mpaka, Mkatoliki aliyefika kila mara kabla ya wenzake, moja kwa moja kutoka misa. Miaka tisa, kila Jumapili mchana, stoo ya Shakib, chai ya tangawizi. Kampuni iliyotunga mchezo huko Ulaya ilikuwa imetoa matoleo mapya mawili, nao wakayakataa yote mawili. Kitabu chao kilikuwa kile kile chenye jalada lililoliwa na panya.

Ndipo mwaka huo wa 2014 kampuni ikatangaza kwamba wachezaji wa zamani, popote walipo, watume kiumbe wa kwao, na atakayependeza atachapishwa. Musitafa akapandwa na kichaa. Aliacha mazimwi ya kubuni, akamleta jini wa ziwani ambaye nyanya yake wa Kahendero alikuwa akimtaja kwa kunong'ona, na akamleta kwa jina lake lenyewe. Aligonga meza mara tatu, akasema kwa sauti ya jini:

"Assalamu alaikum."

"Waalaikum salaam," wakaitikia Aidah na Shakib, kwa mazoea tu. Shakib akazidisha: "Karibu ndani, kaa." Akamvutia kiti kitupu.

Thembo hakufungua mdomo mpaka walipomtazama. "Miye siitikie ile kitu," alisema. "Ile haiko mutu."

Walimcheka mpaka chai ikamwagika.

Juma lile ndilo karatasi ilianza kupungua. Kumi na sita, kisha kumi na moja, na Shakib naye akapungua nayo, suruali ikamvuka kiunoni. Stoo ikanuka matope ya ziwa na samaki waliolala, na mchana kweupe, Aidah akiwa peke yake anapanga mifuko ya sukari, alisikia dadu zikigonga ndani ya kopo lililofungwa, zikanyamaza, zikagonga tena, taratibu, kama za mtu anayecheza kwa zamu na kungoja mwenzake, na alipolishika kopo lilikuwa na ubaridi wa kitu kilichotolewa majini.

Aliogopa, na hofu ikamtafutia mtu wa kulaumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Nani hufika kabla ya wote? Nani alikataa salamu, kana kwamba anajua jambo?

"Thembo," alisema Jumapili hiyo, karatasi ikiwa imefika saba, "wewe peke yako ndio ulikataa kuitikia. Ulikuwa unajua nini?"

"Mama Jamira," alisema Thembo, akimwita kwa jina la bintiye kama kawaida, "minakuapia kwa Mungu. Sikugusa karatasi ya mutu."

"Bwana yangu anakufa! Toka. Usirudi hapa."

Musitafa aliinamisha macho. Thembo aliacha kikombe nusu, akaelekea mpakani Mpondwe bila kugeuka. Jumapili iliyofuata karatasi ilisema mbili.

Aidah akamleta stooni Mwalimu Abubaker, msomaji wa Kurani kutoka Nyamwamba. Mzee alisoma Kurani mpaka sauti ikakauka, akafunika kitabu.

"Hii kitu haikuingia na nguvu," alinong'ona. "Muliikaribisha, mukaipa kiti. Mwenye kukaribisha mugeni hawezi kumufukuza, itamucheka tu. Hapa mezani hakuna hata mutu moja ambaye hakuitikia? Yule tu ndiye anaweza kuifukuza."

Aidah alitamani ardhi ipasuke immeze. Alichukua simu, akampigia Thembo, akaiweka kwenye spika ili Mwalimu asikie. Iliita, ikaita, ikapokewa. Kwanza kulikuwa na maji yanayodondoka. Kisha dadu.

"Assalamu alaikum, Mama Jamira."

Sauti ilikuwa ya Thembo. Lakini miaka tisa Thembo alikuwa amemsalimia kwa bonjour, hata siku moja hakubadilisha. Harufu ya matope ikajaa stooni. Mwalimu alitikisa kichwa kwa nguvu, na Aidah akauziba mdomo wake kwa viganja vyote viwili.

Nyuma yake, mkekani walikomlaza, Shakib alikuwa usingizini. Hakufumbua macho.

"Waalaikum salaam," aliitikia, kwa mazoea tu. "Karibu ndani, kaa."

Kiti cha Thembo kikavutwa.