Niliwapatanisha kwa Utani Mbele ya Jeneza la Mama Mkwe

Nina miaka arobaini na minne, mzaliwa wa Mkuyuni, na nauza ndizi na viungo sokoni Morogoro Mjini. Nimezaa watoto watatu, wote wa mwanaume mmoja. Leo mwanaume huyo hanitaki... na aliyenifikisha hapa ni mjinga mmoja ninayemfahamu vizuri sana. Ni mimi!

Majina nimeyabadilisha. Mume wangu nitamwita Deo, fundi seremala, mpole, asiyependa mizaha. Alivuka mpaka akiwa na miaka tisa, ameshika kanga ya mama yake, wakitoka nchi jirani iliyokuwa ikichinjana yenyewe kwa yenyewe. Baba yake aliuawa na majirani. Si wanajeshi, majirani! Watu waliokuwa wakiombana chumvi.

Miaka mitatu iliyopita akahamia mtaani kwetu mtu wa nchi yao, Melkiori, fundi baiskeli. Walitoka kijiji kimoja, ila pande mbili za ile vita. Baba yake Melkiori alikuwa miongoni mwa waliokuja kumuua baba yake Deo. Melkiori mwenyewe wakati ule alikuwa mtoto mdogo. Deo hakumtukana wala kumgusa, hakumsalimia tu. Mmoja akiwa dukani, mwingine alisubiri nje mpaka atoke.

Mimi niliwaona vituko. Sisi Watanzania bwana, tuna kiburi cha amani! Hatujawahi kukimbia na mtoto mgongoni, lakini kuwafundisha wenzetu kusamehe... weee, mdomo haufungi! Nilijitapa sokoni kwamba sisi Waluguru mambo haya tuliyamaliza zamani. Wazee walipigana na makabila mengine, wakachoka, wakageuza uadui kuwa utani. Leo mtani anakuja msibani kwako, anakunyang'anya kanga, anamwigiza marehemu, analala njiani kuzuia jeneza, na hakuna wa kununa. Nikajiuliza, hawa wawili wana nini cha ajabu hata washindwe?

Mwaka jana mama mkwe, tuliyeishi naye nyumba moja, akafariki. Asubuhi ya mazishi Deo alikwenda kuangalia kaburi. Nikamfuata Melkiori kibandani kwake, nikamwambia aje awe mtani wetu.

Akakataa. "Mama Stela, kwetu hatuchezi na maiti."

Nikamjibu, "Hapa siyo kwenu, hapa Moro!"

Akakataa tena. Nikamlilia, nikamwambia Deo mwenyewe ndiye aliyenituma. Uongo mtupu! Deo hakujua lolote. Masikini Melkiori aliposikia hivyo machozi yakamlengalenga, akakubali. Nikamfundisha hata maneno ya kusema. Niliyatunga mwenyewe, na nikajiona nina akili kuliko wapatanishi wote wa dunia.

Jeneza likatoka mlangoni, Deo amebeba mbele. Melkiori akajilaza chini mbele ya miguu yake, akasema, "Bibi, zamani ulitukimbia bila kuaga. Leo utakimbilia wapi?"

Shangazi zangu wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele! Mimi nilicheka kuliko wote...

Deo akasimama. Jeneza likashushwa. Hakupiga kelele. Alimtazama Melkiori pale chini, akamuuliza, "Nani kakufundisha hayo?"

Melkiori aligeuza kichwa. Alinitazama tu... na msiba mzima ukanitazama.

Hapa ndipo nastahili kutemewa mate. Mwaka wa kwanza wa ndoa yetu Deo alinisimulia jinsi baba yake alivyokufa. Alisema waliomuua walikuja wakicheka. Walimwita kwa jina lake, wakamtania, wakamuuliza, "Leo utakimbilia wapi?" Mara moja tu alinisimulia! Na mimi? Nilikuwa nachambua mchele. Nikasema pole, mambo ya zamani hayo, nikaendelea na mchele wangu. Mke gani huyo? Maneno ya wauaji nikayasahau, kisha nikaja kuyatia kinywani mwa mtoto wa muuaji!

Shangazi akanifariji, eti mwanaume gani ananunia utani wa msibani. Nami nikakubali! Siku kadhaa nilimnunia Deo, nikisubiri aniombe radhi kwa kuniaibisha mbele ya ukoo. Mmewahi kusikia upumbavu kama huo?

Siku ya kuanua matanga Melkiori alikuja mwenyewe, hakuitwa na mtu. Walikaa na Deo nyuma ya nyumba, kwenye mbao za useremala, wakaongea lugha yao tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Wote wawili walilia. Deo, ambaye sikuwahi kuona chozi lake! Nilipopeleka chai wakanyamaza. Deo akapokea sinia, akasema, "Asante. Tuache."

Mwezi uliofuata alihamia Turiani. Ana chumba, anatengeneza vitanda, na watoto huenda kwake likizo. Nimemtuma padri, nimemtuma mjomba wangu ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Anawapokea kwa heshima, anawasindikiza hadi barabarani. Habari zangu haulizi. Melkiori ndiye anayemtembelea.

Wasomaji wenzangu, mkiishi na mtu aliyetoka vitani, fungeni midomo, fungueni masikio! Msimpangie siku ya kupatana na adui yake, wala msisamehe kwa niaba yake. Na nyie mnaotembea vifua mbele kwa amani mliyoikuta, niambieni, mliitolea jasho gani? Mimi sikuitolea hata tone, lakini nilijifanya mwalimu wa waliofiwa.

Juzi nilimwomba Melkiori aniombee msamaha. Aliinamisha kichwa, akanijibu kwa upole hadi nikatamani anitukane.

"Nimejaribu, Mama Stela. Anasema mimi sikuwa najua. Wewe alikuambia."