Draiva Iliyoachwa Nje

Siku Khaemba alipokutana na Mutanu katika Soko la Toi, walikuwa wameshika ncha mbili za chaja moja ya laptopu, na muuzaji hakuwa na nyingine.

"Wee, achilia," alisema Mutanu. Alivaa gauni la mtumba la rangi ya haradali, lililomkaa kana kwamba fundi alimpima yeye.

"Nimeiona kwanza."

"Umeiona, mimi nimeishika. Kwani kuona ni kununua?"

Khaemba akacheka, akaachilia. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza kompyuta huko Kawangware, na aliondoka sokoni bila chaja lakini na namba ya simu. Kwa miezi minne namba hiyo haikupumzika, hadi Khaemba akaanza kutaja ndoa. Asubuhi ilikuwa "Niaje mrembo, umeamka?" na jioni "Lala salama, fundi wangu." Lile neno fundi lilimpendeza Khaemba mno, na hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mutanu aliomba kazi katika kampuni moja ya kompyuta, akapewa mtihani: atengeneze kerneli yake mwenyewe, yaani ule moyo wa mfumo unaoiamsha kompyuta, na iwake ndani ya kompyuta pepe, ile inayoishi ndani ya kompyuta nyingine. Mwisho ulikuwa Ijumaa saa kumi jioni. Kwao Silanga stima ilipotea kila siku, na kuitengeneza kerneli nzima kwenye laptopu yake kuukuu kulichukua nusu siku.

"Punguza," Khaemba alimwambia. "Bakisha draiva za kuendesha vifaa ambavyo laptopu yako inatumia sasa hivi, zingine zote toa. Saa moja umemaliza, kabla stima haijaenda."

"Una uhakika?"

"Babe, hii ni kazi yangu. Fanya nilivyosema, utanishukuru."

Mutanu akafanya. Jumanne alituma picha ya skrini nyeusi: kerneli ilianza vizuri, kisha ikakwama ikisema haioni diski. "Imekataa kuwaka. Nimeanza upya mara tatu. Nisaidie kufikiria, aki."

Jumatano asubuhi Khaemba aliijaribu kerneli ile kwenye mashine yake, akaelewa kabla chai haijapoa. Kompyuta pepe haina diski ya kushikika. Ina diski ya kuigiza, na diski hiyo ina draiva yake. Laptopu ya Mutanu haikuihitaji draiva hiyo, kwa hiyo ilitupwa pamoja na nyingine. Khaemba ndiye aliyesema zitupwe.

Angeweza kumpigia saa hiyo hiyo. Hakumpigia. Alijiambia kwamba ana wateja, kwamba atamweleza jioni, kwamba labda Mutanu ataligundua kosa mwenyewe. Ukweli ni kwamba aliona aibu. Mwanamke aliyemwita fundi angejua kuwa fundi alikuwa anabahatisha.

Alhamisi simu ililia.

"Sasa, Khaemba. Umeiangalia?"

"Bado. Niko bize kidogo."

"Bize tangu jana?"

Hapo Maggie, jirani yake muuza chipsi, akapaza sauti mlangoni: "Khaemba, njoo ule, zinapoa!"

"Naona uko bize kweli," alisema Mutanu. "Kama umechoka na mimi, si useme tu?" Akakata.

Khaemba alipiga mara sita, simu haikushikwa. Usingizi haukumjia vizuri. Kilichomuuma zaidi si kwamba Mutanu alimdhania ana mwanamke mwingine. Kilichomuuma ni kwamba dhana hiyo ilikuwa rahisi kuieleza kuliko ukweli.

Ijumaa saa saba mchana alifunga kibanda, akavaa shati lake la bluu lililopigwa pasi, akaenda Silanga. Alimkuta Mutanu kizingitini, kitenge kiunoni, laptopu mapajani, macho mekundu.

"Umekuja kufanya nini?"

"Uliyemsikia ni Maggie, jirani wa chipsi, hakuna kitu. Lakini nimekukosea kwa lingine. Kerneli haiwaki kwa sababu ya ushauri wangu. Nilijua tangu Jumatano, nikanyamaza."

"Siku mbili, Khaemba. Nimekaa hapa siku mbili nikijiona mjinga."

"Niliogopa utaniona mimi ndiye mjinga. Leta nirekebishe."

"Usiguse! Mtihani ni wangu. Sema kosa liko wapi, kisha ukae."

Akasema, akakaa juu ya debe. Mutanu aliirudisha draiva ya ile diski ya kuigiza, akaanza upya. Walisubiri saa nzima, kila mmoja akiitazama taa ya chaja, stima isije ikapotea. Saa tisa na dakika ishirini maandishi yalikimbia kwenye skrini, yakapita pale yalipokuwa yakikwama, yakasimama kuuliza jina la mtumiaji.

Mutanu alifunika uso kwa viganja, akalia, akacheka.

"Kampuni inataka pia nieleze nini kilikwama," alisema baadaye.

"Andika ni mimi."

"Nitaandika ni mimi. Wewe ulisema, lakini mimi ndiye niliyefuata bila kuuliza kwa nini." Alituma kazi, akafunga laptopu. "Mama anarudi saa kumi na moja. Usiende."

Khaemba aliiweka sawa kola ya shati. "Nimwambie nini? Kwamba nilikosea?"

"Hilo umeshaniambia mimi, limetosha," alisema Mutanu. "Yeye mwambie unataka kunioa."