Alimfumania Mumewe Ndani ya Hema la Uyoga

Modesta alifunua pazia la hema, akamkuta mumewe amelala chini na mwanamke.

Na siyo mwanamke wa kusikia kwa watu. Ni Zuhura... rafiki yake mwenyewe, aliyemtoa mjini, akampa chumba ndani ya nyumba yake.

Castory alikuwa chali sakafuni. Zuhura amemlalia kifuani, na mikono ya Castory imemzunguka ikipita chini ya makwapa. Khanga yake imefunguka. Kandambili moja iko mguuni, nyingine kule kwenye rafu za uyoga.

Mchana kweupe. Nje ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba.

Modesta hakupiga kelele. Alirudisha pazia la nailoni kama alivyolikuta. Akatoka, akauvuta mlango wa gereji uliokuwa wazi, akaufunga, akatia komeo kwa nje.

Kisha akaenda kutafuta mashahidi.

Wadau, najua vidole vinawawasha. Mmeshaanza kuandika huko kwenye komenti kwamba wanaume ni walewale, na rafiki usimwingize ndani. Tulieni kwanza. Someni mpaka chini, halafu ndiyo mseme.

Turudi nyuma kidogo.

Modesta na Zuhura walikuwa wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha nguo pale Morogoro mjini. Miaka ile ya tisini viwanda vilikuwa vinauzwa kimoja baada ya kingine. Chao kilipata mwenye pesa, mwenye pesa akaja na watu wake, na wao wakasimamishwa getini asubuhi moja wakaambiwa warudi nyumbani. Nguo za mitumba zilikuwa zimejaa sokoni. Nani alikuwa anataka kitenge cha kiwandani tena?

Modesta alikuwa na pa kwenda. Kwao ni Nyandira, juu huko Mgeta, kwenye milima ya Uluguru, na mumewe Castory alikuwa analima kabichi hukohuko. Zuhura hakuwa na pa kwenda. Chumba chake cha Kihonda kilimshinda, na mama yake mzazi alishafariki.

Modesta akamwambia twende. Wala hakufikiria mara mbili.

Wazo la uyoga lilikuwa la Zuhura. Alisoma kozi fupi iliyotolewa kwa watu walioachishwa kazi, akarudi amechangamka kweli. Akasema Dar kuna mahoteli mapya yanafunguliwa kila siku, wageni wanataka uyoga, na uyoga hauhitaji shamba. Unahitaji kibanda chenye giza, unyevu, na joto.

Giza na unyevu, Nyandira vipo. Tatizo ni joto.

Walipata jengo. Chama cha ushirika kilikuwa kimekufa, lori lake lililokuwa likibeba mboga limeuzwa, na gereji lilipokuwa linalala imebaki tupu. Kuta za mawe, paa la bati, dirisha dogo moja juu. Serikali ya kijiji ikawakodisha. Lakini lile jengo lilikuwa baridi, jamani. Ukiingia humo mwezi wa Juni unahisi umeingia kisimani.

Kundi la kwanza liliharibika lote. Walichemsha mabua ya mahindi kwenye pipa, wakajaza kwenye mifuko ya nailoni, wakatia mbegu. Ilitakiwa ule uzi mweupe wa uyoga utambae mpaka mfuko wote uwe mweupe kama pamba. Baridi ikausimamisha. Badala yake ukaja ukungu wa kijani, na mifuko ikaanza kunuka.

Zuhura alilia siku ile. Castory ndiye aliyemnyanyua. Akasema kama gereji ni kubwa na haishiki joto, watajenga chumba ndani ya chumba.

Akakata mianzi, akaifunga kwa kamba za katani, akaizungushia nailoni nene. Juu yake wakatupia mablanketi ya zamani. Likawa hema kamili katikati ya gereji, na mlango wake ni pazia. Ndani wakapanga rafu.

Mwanzo walipashia hema joto kwa maji. Wanachemsha, wanajaza madumu, wanayapanga chini ya rafu. Yakipoa wanabadilisha. Ilifaa, ila ilikula kuni na migongo yao. Ndipo wakaingiza jiko la mkaa.

Na jiko lilifanya kazi, wadau. Ule uzi mweupe ulianza kutambaa. Kila mtu akafurahi. Mwanzo walikuwa waangalifu, wanaacha dirisha la juu wazi. Julai ilipoingia na upepo wa kukata masikio, Castory akapanda ngazi, akaliziba dirisha kwa magunia.

Hakuna aliyesema kitu. Kila mtu pale amekulia kwenye jiko la mkaa. Mkaa ukishakolea hauna moshi, na wao waliogopa moshi tu.

Maneno ya watu nayo yakaanza. Nyandira ni padogo. Mwanamke wa mjini, kijana, hana mume, anashinda kwenye hema lenye joto na mume wa mtu. Wifi yake Modesta, anaitwa Regina, alimwambia kabisa sokoni kwamba nyoka amemleta mwenyewe na anamfunika blanketi mwenyewe. Modesta alicheka, ila lile neno lilimkaa.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya gulio. Modesta alishuka sokoni na vitunguu, akawaacha wenzake wanahudumia mifuko. Huko sokoni Regina akarudia tena maneno yake, safari hii mbele ya wanawake wengine. Modesta akaacha vitunguu kwa jirani, akapanda kurudi.

Ndipo akafunua lile pazia.

Kutoka gereji alikwenda moja kwa moja kwa Fransisko, kaka mkubwa wa mumewe. Alimkuta anapalilia njegere. Hata shikamoo hakutoa.

"Njoo uone ndugu yako anachofanya," alimwambia. "Nimewafungia."

Fransisko aliweka jembe chini. Modesta alitaka warudi palepale, lakini shemeji yake alikuwa mtu wa taratibu. Akasema mambo ya fumanizi bila kiongozi hugeuzwa, kesho watakana. Wakapitia kwa mjumbe. Mjumbe alikuwa anakula, akamalizia, akavaa koti. Kichwa cha Modesta kilikuwa kinamuuma vibaya, akadhani ni hasira.

Walipofika Modesta alivuta komeo yeye mwenyewe, kwa kishindo, ili wale wa ndani washtuke.

Hakuna aliyeshtuka.

Mjumbe alifunua pazia, akawaita majina. Fransisko akainama, akamshika mdogo wake shavuni. Kisha akaanza kumburuta kwa mabega kwenda nje, anapiga kelele watu waje.

Castory alikuwa ameshakufa.

Zuhura alikuwa na pumzi za mbali sana. Wakamweka kwenye machela ya miti, vijana wakambeba kumshusha hospitali ya misheni. Huko wakasema ni hewa ya mkaa.

Castory alizikwa kama mzinzi. Padri alisali misa, hilo halikukataliwa, lakini watu waliokuja walikuja kunong'ona. Wakasema amefia kifuani kwa hawara, Mungu amewaumbua. Baba yake, Mzee Mikaeli, alisimama kaburini ameinamisha uso kama mtu aliyekamatwa na mali ya wizi. Modesta hakwenda makaburini kabisa. Alikaa jikoni, mgongo ameupa mlango, na wanawake wakasema ana haki yake.

Baada ya mazishi akashuka hospitali. Hakwenda kumwona mgonjwa. Alikwenda kumtazama usoni mwanamke aliyemharibia nyumba, amwambie neno moja ambalo angekufa nalo.

Alimkuta Zuhura ameegemezwa kwenye mto, macho yamezama. Alipomwona Modesta akanyoosha mkono.

"Dada," alisema, "shemeji yuko wapi? Hawataki kuniambia."

Zuhura akaendelea kuongea polepole, pumzi zinakatika.

Alisema aliingia kuongeza mkaa, akapanga mifuko kwenye rafu, kichwa kikaanza kumgonga. Akataka kutoka, miguu ikakataa. Akaanguka palepale chini ya rafu. Alichosikia ni sauti ya Castory inamwita kutokea nje, halafu mlango wa gereji unafunguliwa. Castory aliingia, akamkamata kwa nyuma chini ya makwapa, akawa anamvuta kinyumenyume kuelekea kwenye pazia. Anahema kwa nguvu. Anamwambia jikaze Zuhura, jikaze. Kisha naye akaanguka chali, Zuhura akamwangukia kifuani.

"Ila aliuacha mlango wazi, dada. Nilikuwa siwezi hata kufumba macho vizuri, lakini niliona mwanga kwenye nailoni, na kiubaridi kinaingia. Nikajua tutapona." "Halafu mwanga ukazimika. Nadhani upepo uliufunga mlango."

Modesta alishika chuma cha kitanda.

Aliyaona yote upya. Ile kandambili kule kwenye rafu. Khanga iliyofunguka kwa kuburutwa. Kichwa cha Castory kilivyokuwa kimelala kando ya pazia, kimebakiza hatua moja kutoka nje.

Upepo haujui kutia komeo.

Zuhura akauliza tena shemeji yuko wapi. Modesta akamwambia. Wakalia pamoja pale, na yule mgonjwa ndiye aliyekuwa anambembeleza mzima.

Sasa hapa ndipo pagumu, wadau. Modesta angeweza kukaa kimya. Zuhura alishasema ni upepo. Mjumbe hakuwa mtu wa kuhoji mlango, na Fransisko hakuugusia. Angerudi Nyandira aseme tu kwamba mumewe hakuzini, alikuwa anaokoa mtu, na kila kitu kingeishia hapo. Yeye angebaki mjane wa shujaa.

Alinyamaza nayo wiki kadhaa. Hakuwa anakula. Regina alikuwa anampelekea uji, anamwambia umekonda sana wifi yangu, yule mwanaume hakustahili.

Siku ya arobaini, ukoo umekaa uwanjani, Modesta akasimama. Akapiga magoti mbele ya baba mkwe.

Akasimulia. Alianza na aliyoambiwa na Zuhura, na watu wakaanza kuguna, wanawake wakashika vichwa. Regina akajifunika khanga uso mzima. Wengine wakadhani amemaliza, wakataka kumnyanyua. Akakataa kunyanyuka.

"Mlango aliuacha wazi," alisema. "Mimi ndiye niliyeufunga. Nilitia komeo nikawafuata nyie."

Unasikia kuku tu wanaparura majivu.

Mzee Mikaeli akainua uso. Alipoongea sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Ulipofunua, mwanangu alikuwa anapumua?"

"Alikuwa anakoroma, baba," Modesta alisema. "Nilijua amelala."

Mzee aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakusema naye tena mpaka anaingia kaburini miaka mingi baadaye.

Vijana wa ukoo walishaanza kusogea, na sura zao hazikuwa nzuri. Aliyewazuia ni Fransisko. Alivua kofia, akaenda kupiga magoti kando ya shemeji yake, mtu mzima na mvi zake.

"Yeye alitaka turudi palepale," alisema. "Mimi ndiye niliyesema tumfuate mjumbe. Na aliniambia mwenyewe amewafungia, na tulipofika nilimwona anavuta komeo. Nilijua tangu siku ile, nikanyamaza, kwa sababu nilikuwa najihesabia dakika zangu mwenyewe."

Basi hakuna aliyemgusa mtu.

Jambo lile halikwenda polisi, ukoo ulisema ni ajali. Jina la Castory lilisafishwa. Padri alisali misa nyingine, na safari hii watu walijaa mpaka nje. Lakini Modesta hakuweza kuishi tena mahali ambapo kila akitoka anaiona ile gereji. Alishuka Bigwa, pembeni ya Morogoro mjini, akapanga vyumba viwili, akauza mboga. Na mtu aliyeishi naye kwenye chumba cha pili, mpaka alipokuja kuolewa, alikuwa Zuhura.

Mtaniuliza mimi nimeyajuaje yote haya.

Zuhura ni mama yangu mzazi. Modesta ndiye aliyenipokea nilipozaliwa, na ndiye aliyenisimulia, akiwa mgonjwa, kipande kwa kipande, anaacha siku anaendelea siku. Alisema hataki nimjue kwa uongo. Nilipomuuliza mama kama alijua habari ya komeo, alisema Modesta alimwambia siku ileile ya arobaini, alishuka usiku kwa miguu mpaka misheni, alikokuwa amepewa pa kulala, kumwambia. Mama alikaa siku nzima bila kusema naye. Kesho yake akamkorogea uji.

Nilimuuliza alimsamehe vipi. Mama alisema hajui kama alimsamehe. Alisema tu kwamba hakuna mtu mwingine duniani aliyemlilia Castory kama walivyomlilia wao wawili, na hakutaka kulia peke yake.

Modesta tumemzika mwaka jana.

Baridi imeingia tena huku kwetu Moro, na nimeona watu wanaposti vibanda vyao vya vifaranga, vya miche, vya uyoga, jiko la mkaa liko katikati na kila tundu limezibwa. Toeni hayo majiko. Pasheni kwa maji ya moto, ichosheni migongo, lakini humo ndani msiweke moto wa mkaa. Hauna harufu. Unakulaza tu.

Na siku ukifunua pazia ukakuta kitu kinachokupasua moyo, usigeuke kwenda kuita mashahidi. Ingia. Washike mabega uwaamshe. Wakiamka, ugombane nao mpaka uchoke.

Waamshe kwanza.