Nimeshafika, Mama

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na mafundi cherehani mnawajua. Nguo haijakatwa, yeye anakwambia imebaki pasi tu. Siku mama yake, yaani bibi yangu, alipozidiwa, jirani anayemuuguza alipiga simu asubuhi. "Njoo leo. Anakungoja wewe tu." Kwa barabara ni safari ya kutwa nzima. Kwa ndege, kutoka kiwanja chetu hadi cha kule, ni dakika arobaini. Shangazi akakata tiketi.

Ndege ilikuwa haijaondoka bibi alipopiga mwenyewe, sauti imemkauka.

"Umefika wapi, mwanangu?"

Shangazi alikuwa kitini, mkanda ameshafunga. Akamhurumia, na mazoea yana taabu. "Nimeshafika, mama. Niko mlangoni."

"Ingia basi," bibi akasema. Shangazi akazima simu, ndege ikaruka.

Mhudumu akatangaza kwamba wanakaribia kutua. Shangazi akaweka mkoba wake tayari. Nje ni mawingu tu. Baadaye mhudumu akapita tena, akatangaza yaleyale, kwa tabasamu lilelile. Kisha tena. Jua dirishani halikusogea hata kidogo. Shangazi akataka kusimama, kifungo cha mkanda kikagoma. Akamgusa mzee wa kiti cha pembeni.

Mzee akafumbua macho, akanong'ona, "Tulia, mama. Wewe si umeshafika?"

Shangazi akalia kwa sauti. Hakuna aliyegeuka.

Ndipo simu aliyoizima ikaita. Alikuwa bibi, na sasa sauti ilikuwa na furaha.

"Mbona unasimama hapo? Vua viatu uje unishike mkono."

"Mama, si mimi! Usimkaribishe! Mimi bado niko angani!"

Bibi akacheka kidogo, akamwambia mtu aliye karibu naye, "Eti si wewe."

Simu ikakatika. Magurudumu yakagonga ardhi. Shangazi akatazama saa: dakika arobaini, kama tiketi ilivyosema.

Alimkuta jirani kibarazani anaosha vyombo. Sufuria ikamponyoka.

"Umetokea wapi? Nimekuacha ndani na mama sasa hivi. Viatu vyako si hivi hapa?"

Vilikuwepo mlangoni. Vyeusi, cha kushoto kimeshonwa pembeni kwa uzi wa bluu. Uzi ule aliushona yeye mwenyewe kwa cherehani yake. Shangazi akatazama miguuni pake. Uzi wa bluu ulikuwepo na pale.

Ndani, bibi alikuwa ameshakata roho. Mkono wake ulikuwa nje ya shuka, umekunjwa kama ulioshika mkono wa mtu. Bado una joto. Chumbani hamkuwa na mtu mwingine, na nyumba ile ina mlango mmoja.

Shangazi anasema kinachomuuma si woga. Inamuuma kwamba mama yake alifarijiwa, na aliyemfariji hakuwa yeye.

Tulizika, tukafunga nyumba. Viatu hakuna aliyethubutu kuvigusa. "Aliyevivua hajatoka," jirani hupenda kusema, nasi humkatiza.

Jana jirani alipiga simu, ananong'ona. Viatu vile, ambavyo siku zote vilitazama ndani, amevikuta vimegeuka. Vinatazama nje.

Shangazi tumemwambia akomee mlango. Kutoka kule hadi kwake ni dakika arobaini tu.