Supu Ndani ya Katogo

Mwaka ule wa kampeni ya chakula, Immakulata Kokugonza alisimama juu ya kreti la soda katikati ya soko la Bukoba akiwaambia Wahaya kwamba ndizi peke yake haitoshi. Ukitaka kumtukana Mhaya bila kumgusia mama yake, njia ni hiyo. Wengine walicheka, wengine waliguna, naye akazidi kunyoosha kidole kwenye sahani zake mbili, moja ya ndizi kwa nyama, nyingine ya ndizi kwa maharage. Alikuwa Bibi Maendeleo kijana, mwalimu wa lishe wa serikali, gauni la kitenge cha njano limemkaa sawasawa kiunoni, kilemba kimefungwa kwa madaha, na sauti yake haikuhitaji kipaza.

"Kazi ya kujenga mwili ni ileile," alisema. "Asiye na nyama ale maharage, hatapungukiwa."

"Na wewe mwenyewe ungechukua ipi?"

Aliyeuliza alikuwa kijana mrefu, mwembamba, suruali ya bugaluu inafagia vumbi, mkononi kikapu cha chakula cha mgonjwa. Immakulata hakuwahi kukosa jibu, lakini macho ya yule kijana yalimchanganya akajikuta anasema kweli.

"Ya nyama."

"Basi nipe mimi ya maharage, Ndugu Mwalimu. Naona haina mwenyewe."

Soko likaangua kicheko. Kijana akala amesimama mpaka sahani ikang'aa, akashukuru, akaenda zake hospitali. Jumatatu simu ya ofisini ililia, na Immakulata alipouliza nani mwenzake, sauti ikajibu kuwa ni mlaji wa maharage, anaomba kujua kama walimu wa lishe huruhusiwa kutembea ufukweni jioni.

Jina lake lilikuwa Ildefons Kagaruki, mtu wa Kagoma kule Muleba, karani wa mizani kwenye ghala la kahawa mjini. Mama yake, Ma Celina, alikuwa amelazwa kwa ugonjwa wa moyo. Kila Jumamosi Ildefons alitoka kumwona, akapita Kashai kwenye chumba cha Immakulata kula, na huko ndiko mapenzi yao yalikonoga.

Nyama hakugusa. Immakulata alipombana, akamweleza kwamba aliapa mbele ya sanamu ya Bikira Maria kuwa hataonja nyama wala samaki mpaka mama yake atembee kwa miguu yake mwenyewe kwenda kanisani kwao Kagoma. Immakulata aliheshimu jambo hilo kwa mdomo. Moyoni aliona ni ushamba.

Wakawa wanabishana kwa utani. Ildefons alisema ng'ombe anakula majani matupu na bado ni mkubwa kuliko Bibi Maendeleo yeyote. "Ng'ombe ana matumbo manne, mpenzi," Immakulata alimjibu. "Wewe unalo moja, na hata hilo halijai." Wakacheka. Lakini kijana alikuwa anakonda kweli. Kukesha hospitali na wasiwasi vilikuwa vinamla, na mkanda wake ulikuwa umeongezwa matundu kwa msumari.

Dawa yake Immakulata aliijua, maana aliifundisha kila siku: aongeze karanga, aongeze maharage, amlazimishe kula mara tatu. Hakufanya hivyo. Jumamosi moja alinunua nyama ya mfupa, akaichemsha mpaka supu ikawa nzito, akaichuja kwa kitambaa safi. Minofu akampa jirani yake Joviana. Katika supu ile akapika katogo, ndizi na maharage chungu kimoja, akatia nyanya na vitunguu vya kutosha kuficha harufu.

Ildefons aliweka tonge la kwanza mdomoni, akatulia kidogo.

"Leo umetia nini?"

"Karanga," Immakulata alisema.

"Karanga nzuri," akasema, akala yote na kuomba nyingine.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Mashavu ya kijana yakarudi, na Immakulata akajipongeza kimyakimya, akimtania kwamba maharage yake yanampenda. Ma Celina naye alianza kuketi kitandani, hata akaomba kitana achane nywele zake. Kisha asubuhi moja simu ya ofisini ililia. Ildefons alisema maneno mawili tu, kwamba Mama ameondoka, akakata.

Immakulata alikuwa mtu aliyesoma. Alijua supu ya Kashai haiwezi kusimamisha moyo wa mtu hospitalini. Kujua hakukumsaidia kitu. Aliona ameingia kati ya mtu na Mungu wake na kuharibu mazungumzo yao, na kila alipofunua chungu jikoni roho ilimsuta.

Kwenye mazishi Ildefons alimpa mkono akamwita "Ndugu" kama anavyoitwa mgeni, bila kumtazama. Baada ya hapo simu zikakoma. Ildefons aliporudi kazini, Immakulata alipiga ghalani, akaambiwa karani ametoka, na huku nyuma anasikia kikohozi chake kabisa. Akaamini amegundulika. Alingoja siku ya kumaliza matanga, akavaa gauni lake la rangi ya majivu, akapanda basi la Muleba.

Kagoma alikuta mbuzi wamechinjwa na wazee wamekaa. Sinia la nyama lilipomfikia Ildefons alilisukuma kando, akachukua ndizi tupu. Baba yake mdogo, Mzee Clavery, akawageukia watu akasema kwa uchungu kwamba kijana huyu alishika nadhiri yake mpaka mwisho, na bado Mungu hakumsikia. Wanawake wakatikisa vichwa kwa huruma. Ildefons akainuka, akaingia kibanjani kati ya migomba, na Immakulata akamfuata.

"Hukuishika," alimwambia mgongoni, kabla hajakosa ujasiri. "Niliivunja mimi. Kila Jumamosi nilikupikia kwa supu ya ng'ombe. Wala haikuwa kwa ajili ya afya yako. Mimi ndiye ninayesimama sokoni kusema maharage yanatosha. Nilitaka tu kukushinda."

Akasubiri afukuzwe. Ildefons aligeuka polepole.

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Tonge la kwanza. Waitu, Kokugonza, nimekula nyama tangu nilipoota meno. Nani asiyeijua supu?"

"Mbona ulikula?"

"Nilikuwa na njaa. Uliposema karanga, nilifurahi. Nilijiambia dhambi ni yako, mimi sijui kitu. Nikawa nakaa kando ya Mama huku nawaza chungu chako." "Alipokufa nilitaka kukuchukia, nikashindwa, kwa sababu mkono uliopeleka tonge mdomoni ulikuwa wangu. Ndiyo maana siwezi kukutazama."

Immakulata aliona nafuu, kisha akaona aibu kwa kuona nafuu. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Unadhani tulimuua?" Ildefons aliuliza.

"Daktari alisema moyo ulikuwa umechoka zamani."

"Sikukuuliza daktari alisema nini."

"Sijui, mpenzi. Nadhani sitajua mpaka nife."

"Basi tuishi bila kujua, wewe na mimi, nyumba moja. Peke yangu siwezi."

"Unanioa kwa sababu ya kosa?"

"Nakuoa kwa sababu nakupenda. Kosa limekuja lenyewe."

Alimshika mkono, naye hakuutoa. Walirudi uani hivyo hivyo, watu wanawatazama. Mzee Clavery alikuwa bado anamweleza jirani aliyechelewa habari za nadhiri, jinsi mwanawe alivyojinyima, jinsi asivyo na deni lolote mbele za Mungu. Ildefons aliachia mkono wa Immakulata, akasogea katikati ya wazee.

"Baba, usiseme hivyo tena," alisema. "Sikuishika. Nilikula, na nilijua ninachokula."

Immakulata angeweza kubaki pale nyuma, kati ya wanawake wasiomjua, na hakuna ambaye angemuuliza. Akapita kati yao, akaenda kusimama kando yake.

"Na aliyempikia ni mimi," akasema.